Kwa nini mwenzangu hanifundishi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupeana ujuzi kazini

Maswali haya yametoka kwenye karakana, ofisi, nyumba za wageni na baraza za Lamu, na mengi yameulizwa na watu wasiojuana kabisa. Yameanza na ya msingi, yale yenye utata yako mwisho. Kama una haraka na unachotaka ni habari ya pesa, ruka hadi swali la 7. Kama kuna mtu kazini anakubania, anza na la 4.

## Mambo ya msingi

1. Mtu atoe bure ujuzi uliomgharimu miaka, ana faida gani?

Hautoi bure. Analipwa, ila malipo yenyewe hayapiti kwenye M-Pesa.

Katika kitabu chake cha mwaka 1955 mwanasosholojia Peter Blau alieleza alivyowachunguza maofisa wa idara moja ya serikali ya Marekani. Kanuni ilisema ofisa akikwama amwulize mkubwa wake. Hawakuifuata. Kumwendea mkubwa kila mara ni kumwonyesha kwamba kazi imekushinda, kwa hiyo waliulizana wenyewe kwa wenyewe pembeni. Blau aliona humo biashara kamili: anayeuliza anapata msaada, na bei yake ni kukiri kwamba mwenzake anajua zaidi. Anayejibu anapoteza muda, anapata heshima. Aliona pia kwamba anayeulizwa sana huanza kuchoka. Heshima ya swali la kwanza ni tamu, ya swali la thelathini haina ladha tena, na kazi yake mwenyewe inalala.

Ukitaka kuiona biashara hiyo, kaa kizingitini mwa karakana ya mchonga milango katika mji wa kale. Fundi wa karakana nyingine atakuja na tatizo lake, lakini hataanza nalo. Ataanza na hali, watoto, bei ya mbao, safari ya nani kwenda Mombasa. Kahawa ya pili ikimiminwa ndipo atasema, kama anayezungumza na ukuta, “Hivi mbao ikishapasuka kwenye nakshi, watu huwa wanafanyaje?” Mwenyeji wake naye hatasema “nifanyavyo mimi ni hivi.” Atasema, “Wazee walikuwa wakifanya hivi.” Kila mmoja ameondoka na chake, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Mbali na heshima, kuna mengine. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanasema binadamu ana haja tatu za nafsi: kuamua mambo yake mwenyewe, kujiona anaweza, na kuwa na watu wake. Kumfundisha mwenzako kwa hiari hugusa zote tatu kwa mpigo. Ukilazimishwa, ile ya kwanza inavunjika, na mara nyingi huondoka na nyingine mbili.

2. Lakini si ni tabia tu? Kuna wakarimu na kuna wachoyo wa elimu.

Tabia ipo, hatukatai. Ila mtazame vizuri huyo unayemwita mchoyo. Ofisini hasemi neno, jioni yuko uwanjani anawafundisha vijana kandanda hadi maghribi, bila senti. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba uwanjani hapotezi kitu akitoa. Kabla ya kumhukumu mtu, jiulize akikwambia atapungukiwa na nini. Jibu la swali hilo litakufikisha mbali kuliko kumpima ukarimu.

3. Nikimwuliza fundi siri ya kazi yake ananiambia “hakuna siri, tazama tu.” Ananikwepa?

Huenda anasema kweli. Michael Polanyi, mwanakemia mzaliwa wa Hungaria aliyegeuka mwanafalsafa, alieleza kwamba tunajua mengi kuliko tunavyoweza kuyasema. Ujuzi mwingine uko mkononi na sikioni, mwenye nao hana maneno yake.

Nenda Matondoni, kijiji cha waunda vyombo, chombo kinapotiwa kalafati. Fundi anashindilia pamba kati ya mbao na mbao, anagonga, anasogea, anagonga. Mlio wa nyundo hubadilika nafasi inaposhiba, na hapo huacha. Mwambie akueleze mlio huo ni upi. Atakutazama, atagonga tena, atasema, “Huo.” Hajakubania hata kidogo.

Wajapani wana kisa kinachosimuliwa sana na Ikujiro Nonaka. Mwaka 1985 kampuni ya Matsushita ilikuwa ikitengeneza mashine ya mikate ya nyumbani, na mkate ukawa unatoka mbaya. Walipima kila kitu wasipate kitu. Mfanyakazi wao Ikuko Tanaka akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka, akakanda naye bega kwa bega, akagundua kwamba yule bwana huunyoosha unga kwa namna yake ya pekee. Mwokaji mwenyewe hakuwa amewahi kulitaja jambo hilo. Mashine ikarekebishwa.

Kuna na upande wa pili: anayejua husahau ilivyo kutojua. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton aliwaambia watu wagonge mezani mapigo ya nyimbo maarufu, wenzao wakisie ni wimbo gani. Wagongaji walitabiri kwamba nusu zitatambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani, mwenzake anasikia ko-ko-ko ya meza. Mhasibu anayekuelekeza mfumo wa malipo kwa kusema “bonyeza hapa, halafu pale, basi” yuko kwenye hali hiyo hiyo, na anashangaa kwa dhati kwamba hujaelewa.

## Kubaniana

4. Nitajuaje kwamba kweli ananificha?

Catherine Connelly na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, walitaja njia tatu ambazo watu huficha wanachojua wanapoulizwa na mwenzao wa kazi. Zote utazitambua.

Ya kwanza ni kujifanya hujui: “Mimi hata sielewi hayo mambo, waulize wale wa juu.” Ya pili ni kuzungusha. Unaahidiwa kesho, unapewa nusu, au unapewa kitu kingine kinachofanana na ulichoomba, kama mpokea wageni aliyeulizwa jinsi ya kuingiza malipo ya wakala akaonyesha jinsi ya kuchapisha risiti. Ya tatu ni kutoa sababu: “Naijua, lakini meneja amesema isitoke.” Hii ya tatu si lazima iwe na uongo ndani yake, na mara nyingine ni haki kabisa (tazama swali la 14).

Neno la muhimu hapo juu ni *wanapoulizwa*. Kama hujauliza, hujafichwa. Watu wengi wanaolalamika kwamba wamebaniwa, ukiwahoji taratibu, unakuta walisubiri mwenzao awasome usoni.

5. Basi kwa nini hufanya hivyo?

Kubwa kuliko yote ni mkate. Mtu aliye kwenye kazi ya kibarua, anayesikia kila mwezi kwamba watu watapunguzwa, anajua kwamba kinachomfanya asiguswe ni lile jambo ambalo yeye peke yake analijua. Kumwomba alitoe ni kumwomba abomoe ukuta wa nyumba yake ili wewe upate upepo.

Mfikirie nahodha anayepeleka abiria na mizigo kisiwani Pate. Njia ya ndani hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao vyombo huuvuka maji yakijaa. Kujua upite saa ngapi wakati wa bamvua, maji yanapopanda sana, na saa ngapi wakati wa maji mafu, yanapopanda kidogo, fungu la mchanga limehamia wapi, na chombo chenye mzigo kiasi gani kitakwama, ndiyo tofauti ya kufika leo na kulala matopeni. Nahodha mwenye chombo chake humfundisha baharia wake haya yote bila kusita, kwa sababu akiumwa ndiye atakayemshikia usukani. Nahodha wa kuajiriwa, ambaye tajiri wake amekwisha kumtajia baharia huyo kama mtu wa bei nafuu, atafanya nini? Bahari ni ileile na ujuzi ni uleule. Tofauti imeletwa na maneno ya tajiri.

Sababu nyingine ni kisasi. Umeniuma juzi, leo sikujui. Hapa kuna jambo wanalopaswa kulijua wabanaji wenyewe: mwaka 2014 Matej Černe na wenzake walionyesha kwamba anayeficha ujuzi huzalisha kutoaminiana, wenzake nao wanamfichia, na mwisho wake ubunifu wa kazi yake mwenyewe unashuka.

6. Kijana wangu yuko karakana tangu mwaka jana, bado anafagia mavumbi na kupiga msasa. Si unyonyaji huu?

Inategemea anafagia wapi na macho yake yako wapi.

Mwanaanthropolojia Jean Lave aliishi na mafundi cherehani wa Liberia, akaona kwamba wanagenzi hujifunza kwa kuanzia mwisho wa kazi. Wanaanza kwa kupiga pasi nguo iliyokwisha, kushona vifungo na pindo, kisha wanashona vipande, na kukata kitambaa huja mwisho kabisa. Si mateso. Anayeanza na pindo huiona nguo nzima ilivyo inapotoka mikononi mwa fundi, na akikosea hasara ni ndogo. Akikosea mkasi, kitambaa kimekwenda.

Uchongaji hufuata njia ya namna hiyo. Msasa humfundisha mtoto mwelekeo wa nyuzi za mbao kwa vidole kabla ya patasi. Halafu atapewa kuchimba usuli pembeni mwa ua lililokwisha kuchorwa. Kuchora nakshi yenyewe juu ya mbao tupu huja nyuma sana, na hapo ndipo mafundi wengi hubana, kwa sababu mchoro ndio uso wa karakana. Kwa hiyo usihesabu miezi. Angalia kama kazi inabadilika. Kama mwaka huu anafanya kitu ambacho mwaka jana hakuruhusiwa kukigusa, yuko njiani. Kama bado ni ufagio na kutumwa maji, na akikaa karibu anafukuzwa, zungumza na fundi, kwa adabu na mbele ya mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote.

## Kuwafanya watu watoe

7. Tukimlipa kila anayefundisha wenzake, si watafundisha?

Kwa muda, labda. Mwaka 1971 Deci aliwapa wanafunzi wa chuo michezo ya kupanga vipande, baadhi yao akawalipa dola 1 kwa kila fumbo walilolipatia jibu. Malipo yalipokoma, waliolipwa waliugusa mchezo kidogo kuliko walivyokuwa wakifanya mwanzo. Kitu walichokifanya kwa kupenda kilikuwa kimegeuka kibarua. Mwaka 2005 Gee-Woo Bock na wenzake, wakichunguza mameneja wa Korea Kusini, walikuta kwamba matarajio ya zawadi yalikwenda pamoja na mtazamo mbaya zaidi kuhusu kupeana ujuzi, huku uhusiano mzuri wa watu ukiusukuma mbele.

Kampuni ya Xerox walipitia njia nyingine. Mafundi wao wa mashine za kunakili walijengewa hazina ya vidokezo, kila kidokezo kikikaguliwa na mafundi wenzao kabla ya kuingizwa, na jina la aliyekitoa likibaki juu yake. Jina ndilo lililokuwa ujira. Hapa kwetu ambapo mtu anatambulika kwa nani alimfundisha, sioni kwa nini jambo hilo ligharimu hata shilingi.

Lakini tusije tukalifanya hili kisingizio cha uchoyo wa tajiri. Kama unamtaka mfanyakazi abaki saa mbili baada ya kazi kuwafunza wapya, hizo ni saa za kazi na zina malipo yake. Zawadi ya kumchochea mtu aseme ni jambo moja, ujira wa jasho ni jambo jingine.

8. Tulifungua kikundi cha WhatsApp cha kubadilishana maarifa. Kimejaa picha za “asubuhi njema” na taarifa za msiba. Tulikosea wapi?

Bosi yumo? Basi hapo ndipo.

Mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali za Marekani, akitarajia kwamba timu bora zitakuwa na makosa machache. Matokeo yake ya mwaka 1996 yalikuja kinyume: timu zilizoongozwa vizuri ziliripoti makosa *mengi* zaidi. Si kwamba walikosea zaidi. Walithubutu kusema. Mwaka 1999 akaiita hali hiyo usalama wa kisaikolojia, yaani kuamini kwamba ukiuliza au ukikiri kosa mbele ya wenzako hutaaibishwa.

Kwenye kikundi chenye watu hamsini, meneja, na shemeji yake meneja, kuuliza swali la kijinga ni kulitundika sokoni. Jaribu kikundi kidogo cha wanaofanya kazi moja, na mkubwa wenu awe wa kwanza kuuliza kitu asichokijua, kitu cha kweli. Swali la kujifanya watu hulitambua mara moja.

9. Mimi naona haya kuuliza. Nitaonekana sijui kazi.

Mficha uchi hazai, walisema wa kale. Francis Flynn na Vanessa Lake waliwatuma watu wawaombe wasiowajua wajaze dodoso. Waombaji walikadiria kwamba ili wapate 5 watakaokubali, watahitaji kuomba watu takriban 20. Ilitosha takriban 10. Matokeo hayo ya mwaka 2008 yanasema tunawadhania watu ugumu ambao hawana.

Namna ya kuuliza nayo ina kazi yake. “Nifundishe kompyuta” ni mzigo, mtu atautua pale pale. “Dada, hii safu ya tatu mbona haijumlishi?” ni swali la dakika moja. Onyesha kwanza ulichojaribu. Na ukisaidiwa, sema mbele za watu nani kakusaidia, maana ndiyo malipo tuliyoyataja swali la 1.

## Yenye utata

10. Mzee wetu anastaafu mwisho wa mwaka na kila kitu kiko kichwani mwake. Tumempa daftari aandike, haandiki.

Hataandika, na akiandika mtapata kanuni mlizo nazo tayari. Sababu iko swali la 3.

Mwanaanthropolojia Julian Orr alifuatana na mafundi wa mashine za kunakili wa Marekani, akaona kwamba mwongozo rasmi uliwasaidia kidogo tu. Walichojifunzia hasa ni visa walivyosimuliana wakila: mashine fulani ilivyowatoa jasho, walivyodhani ni hiki kumbe ni kile. Basi mwekee mzee huyo kijana mmoja, si watano, wafanye kazi pamoja miezi yote iliyobaki. Kijana asimwulize “unafanyaje.” Amwulize, “Ni lini iliharibika vibaya, na ukajuaje?” Mzee hatamaliza kusimulia, na simu ya kurekodi iko mfukoni mwa kila mtu. Ombeni ruhusa kwanza.

11. Nikimfundisha vizuri atafungua karakana mkabala na yangu.

Inatokea. Katika mji wenye vichochoro kama vyetu, mkabala ni mkono kunyoosha.

Wanaofaulu kuishi na hali hii huzungumza mapema, siku mwanagenzi anapoletwa, mzazi akiwapo: atakaa muda gani baada ya kuiva, na je, nakshi za karakana atazichonga kwa jina lake au la. Wengine huwa wajanja zaidi. Mwanafunzi akishajitegemea humpitishia kazi zilizowazidi, na msimu wa wageni unapokuwa mzuri, kaskazi ikivuma, kazi za kuzidi hazikosekani. Bwana mwenye mwanafunzi mkabala ana mkono wa ziada ambao halipi mshahara. Kama kweli soko ni dogo na mpo wengi, hofu yako ni ya haki, na hakuna saikolojia itakayoiondoa.

12. Meneja wetu ni kijana kutoka bara, ana digrii. Wenyeji hawamwambii kitu. Yeye anadhani hawajui, wao wanadhani anajidai.

Swali hili limeongezeka tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa mwaka 2021 na kazi zikaleta watu wa kila upande.

Gabriel Szulanski alichunguza kwa nini mbinu nzuri za kampuni hukataa kuhama kutoka kitengo kimoja kwenda kingine. Wengi hudhani ni kukosa ari. Yeye, mwaka 1996, alikuta vikwazo vikubwa zaidi ni vitatu: mpokeaji hana msingi wa kupokelea, hakuna anayejua hasa kwa nini mbinu yenyewe inafanya kazi, na uhusiano mzito baina ya mtoaji na mpokeaji. Ninyi mna wa tatu kwa uhakika, na wa kwanza kidogo pande zote mbili.

Meneja aanze kwa kuuliza asilolijua na ambalo linampa mwenzake ukubwa: upepo, maji, nani aongee na nani. Na aamkie. Kijana anayempita mtu mzima asubuhi bila shikamoo, kisha saa nne anamtaka ampe ripoti ya kina, atapewa ripoti na si zaidi. Wenyeji nao wakubali kwamba kutojua Kiamu, Kiswahili cha Lamu, si kutojua kazi.

13. Mtume (S.A.W.) amesema anayeulizwa elimu akaificha atatiwa hatamu ya moto siku ya Kiyama. Je, fundi anayebana nakshi anaingia humo?

Hadithi hiyo imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi, na huulizwa sana barazani. Wako wanazuoni walioieleza kwamba inahusu elimu ambayo mtu hana budi nayo katika dini yake, kama anayeuliza namna ya kuswali. Kwa hukumu ya siri za biashara mwulize sheikh wako, ukurasa huu si wa fatwa. Upande wa saikolojia tunaweza kusema hili: kumtolea mtu hadithi katikati ya ugomvi wa kazi humfanya ajilinde zaidi, wala hakumfungui mdomo.

14. Kuna ujuzi usiofaa kutolewa?

Upo. Hali ya mgonjwa, chumba cha mgeni na nani kaja kumtembelea, nenosiri la akaunti ya kampuni. Anayekukatalia hayo amefanya kazi yake.

15. Nimemfundisha mtu, kazi ikasifiwa, na jina langu halikutajwa. Nifanyeje safari ijayo?

Kwanza elewa kwa nini inauma kiasi hicho: ni malipo yako yamekwenda kwa mwingine. Usinyamaze ukaamua kubana milele, maana utaishia kwenye duara la swali la 5.

Mwendee peke yake kabla hasira haijapoa kabisa wala haijachemka: “Bwana, ile kazi tulifanya wote, na mimi sikutajwa.” Wengi hushtuka, maana hawakukusudia. Mara nyingine fanya mafunzo mahali penye mtu wa tatu, au tuma maelezo yako kwa maandishi, jina na tarehe juu. Akirudia baada ya kuambiwa, mpe anachohitaji kwa kazi ya leo, na yale ya ndani wape wengine.